Muulize Fundi: Injini Iliyokuwa Ikijiongezea Oili

Barua za mwezi huu zinanuka dizeli. Moja ilifika na doa kabisa kwenye karatasi, na mimi kwa mazoea ya kazi nikainusa kabla ya kuisoma. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenye basi alikubali kulileta gereji kwangu Buguruni, Dar es Salaam, nikalishika kwa mikono yangu.

Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa Tabata Segerea. Marehemu mume wangu ameniachia basi moja, Scania 113 la zamani, lile ambalo injini iko mbele, pembeni mwa dereva. Nalikodisha kwa misiba na harusi, mara mojamoja linafika Moshi au Songea. Linavuja dizeli. Fundi wangu ameshabadilisha washa za kopa, zile pete bapa za kuzibia maungio, mara tatu, na mara zote tatu amelipwa, lakini zikipita siku mbili chini ya injini panaloa tena. Safari iliyopita abiria wa viti vya mbele walilalamikia harufu hadi mtoto akatapika. Dereva ananiambia nisiwe na hofu, dizeli siyo petroli, haiwaki. Anasema injini ni nzima, haili oili hata kidogo, tena kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, imepanda. Fundi yeye anataka ninunue pampu nyingine. Nifanyeje?

Marahaba mama, na pole kwa msiba. Pampu usinunue kwanza.

Katika barua yako, kilichonishtua siyo dizeli iliyo chini ya basi. Ni hiyo oili iliyopanda. Injini ya umri huo inakunywa oili kidogo, hata ikiwa imetunzwa vipi. Ukiona kipimo kimepanda na hakuna mtu aliyeongeza, jua kuna kitu kinaingia humo ndani, na vitu vyenyewe ni viwili tu: maji au dizeli. Maji huifanya oili iwe kama chai ya maziwa. Dizeli haibadilishi rangi, ndiyo maana dereva wako alifurahi.

Basi lilikuja Jumamosi likitokea msibani Kibaha, maturubai bado yako juu ya keria. Kabla sijagusa spana nilichomoa dipstiki. Oili ilikuwa vidole viwili juu ya alama ya mwisho, na ilidondoka kwenye ncha haraka kama maji ya dafu. Oili nzima ya daraja la 15W-40, hata ikiwa ya moto, hujivutavuta kidogo. Nikadondoshea tone moja pembezoni mwa gazeti, nikaliacha tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, katikati kulikuwa na doa jeusi, na kulizunguka kuna duara pana, jepesi, la rangi ya majani ya chai. Hilo duara ni dizeli iliyojitenga na oili na kutembea kwenye karatasi. Mama mwenye basi akauliza, "Kumbe gazeti lina kazi?" Nikamwambia mhariri wangu asisikie.

Kwa hiyo basi lilikuwa na mivujo miwili: mmoja wa nje uliomlia mama pesa za washa, na mmoja wa ndani ambao hakuna aliyeulizia.

Nianze na wa nje. Fundi wake alifanya kosa ambalo hata mimi nililifanya miaka yangu ya kwanza, enzi za mabasi ya Ikarus ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam. Aliangalia dizeli inadondokea wapi, akabadilisha washa ya hapo. Lakini dizeli ni kiumbe kitembezi. Inatoka juu, inatambaa na bomba, inapita chini ya nati, inaruka kwenye mabano, halafu inaning'inia kwenye kitu cha chini kabisa na kudondokea hapo. Kwenye basi hili kitu cha chini kabisa kilikuwa boliti ya banjo ya filta, ile yenye tundu ndani inayopitisha dizeli. Boliti masikini haikuwa na kosa lolote, imefunguliwa mara tatu bure.

Tuliosha injini ikiwa imezimwa na imepoa. Hili nalisisitiza: usimwagie maji ya baridi pampu ya dizeli ikiwa ya moto, na hasa ikiwa inazunguka. Ndani ya pampu ya mstari kama hii, yenye vijipampu vilivyopangwa safu, vyuma vimepishana kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Ganda likipoa ghafla linabana, na pampu inakwama. Hapo ndipo utanunua pampu kweli. Baada ya kuosha tukakausha kwa upepo wa kompresa, kisha kijana wangu akanyunyizia poda ya mtoto kwenye bomba zote na kwenye pampu, hadi gereji nzima ikanukia kama wodi ya wazazi. Chaki ya kusaga nayo inafaa. Tukawasha, tukaiacha ingurume polepole bila kukanyaga mafuta, halafu tukapandisha resi kidogo.

Dakika ya nne ukajichora mstari mwembamba wa kijivu kwenye poda. Ulianzia chini ya nati ya bomba la nozeli ya nne (nozeli ndiyo inayorashia dizeli ndani ya silinda), upande wa pampu, ukashuka taratibu, ukafuata mkunjo wa bomba, ukaishia wapi? Kwenye boliti ya filta. Mama akaona mwenyewe. Sikuwa na haja ya kumweleza.

Sababu yenyewe ilikuwa klampu. Bomba za nozeli hufungwa pamoja kwa klampu zenye mpira ili zisitikisike. Mbili kati ya hizo hazikuwepo, bila shaka ziliondolewa siku fulani na mtu mwenye haraka aliyeona zinamchelewesha. Bomba lisiloshikwa hutetemeka mchana kutwa, na chuma kinachotetemeka huchoka pale kilipobanwa. Ufa ulikuwa chini ya nati, mwembamba, ukiutazama kwa macho matupu huuoni hadi uulowanishe.

Dawa yake ni bomba lingine, la injini ile ile, la silinda ile ile. Usikubali likachomelewe, na usikubali la injini nyingine "linalofanana". Umewahi kujiuliza kwa nini bomba hizo sita zinazungukazunguka, wakati nyingine zingeweza kwenda moja kwa moja? Ni ili zote ziwe na urefu mmoja, kila silinda ipate dizeli yake kwa wakati. Ukiweka fupi au lenye tundu pana, umeharibu taimingi ya silinda moja. Wakati wa kufungua na kufunga tumia spana mbili, moja ya nati ya bomba, nyingine ya kuzuia kile kichwa cha pampu chini yake kisizunguke. Wengi wanatumia moja, wanazungusha vyote viwili, na mvujo wa pili unazaliwa hapo hapo.

Kuhusu washa za kopa, kwa kuwa umeshazilipia mara tatu: zamani tulizitumia tena, na hakuna ubaya kama zimelainishwa. Kopa ikibanwa inakuwa ngumu, haishiki tena. Ipashe kwenye moto wa gesi hadi iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji, isugue kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo. Chuma cha patasi ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Kopa yenyewe inalainika. Tepu nyeupe ya mafundi bomba na silikoni ya gasketi viache huko huko dukani. Dizeli inaivimbisha silikoni, inameguka, na vipande vinasafiri.

Sasa mvujo wa ndani. Pampu ya mstari ya injini hii inalainishwa na oili ya injini yenyewe. Chumba chake cha chini na sampu ya injini, lile bakuli la oili, ni kama nyumba mbili zenye ua mmoja. Ubavuni mwa pampu kuna fidi pampu, ile ndogo yenye kitufe cha kusukuma kwa mkono, inayovuta dizeli kutoka kwenye tanki. Inasukumwa na kijiti kinachopita kwenye tundu kutoka chumba cha oili. Kijiti na tundu lake vikilika, dizeli inapenya inaingia kwenye oili, na nje huoni hata tone. Njia ya pili ni oringi, pete za mpira za kuzibia, za elementi, yaani vile vijipampu vya ndani ya pampu.

Tulifungua fidi pampu. Kijiti kilikuwa kimelika upande mmoja, ukikitikisa kwenye tundu lake kinacheza kama jino bovu. Fidi pampu mpya ilipatikana Gerezani kwa bei ambayo ni sehemu ndogo sana ya ile ya pampu nzima. Oringi nazo tulibadilisha tukiwa hapo hapo, kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, kwa sababu kazi ya elementi haifanyiwi chini ya mwembe. Ukienda dukani uliza oringi za vaitoni, zinazohimili mafuta. Muuzaji mmoja alijaribu kumpa kijana wangu za bomba la maji. Kwa macho zinafanana kama mapacha.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Dizeli tunayotumia siyo ile ya zamani. Marekani walipopunguza salfa kwenye dizeli mwaka 1993, injini nyingi kuukuu, hasa California, zilianza kuvuja pampu ghafla. Mpira wa zamani ulikuwa umevimba kwa miaka kwa dizeli ya zamani. Ilipokuja dizeli iliyosafishwa zaidi, ukanywea, na mpira mkongwe ukinywea hauna tena ulaini wa kuziba. Huku kwetu Afrika Mashariki salfa ilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Scania ambayo oringi zake ni za kabla ya hapo, na basi la mama huyu lilikuwa nazo, usishangae.

Kwa nini nilihofia zaidi mvujo wa ndani? Oili iliyochanganyika na dizeli haibebi tena uzito wa kranki. Beringi zinaanza kugusana na chuma, presha ya oili inashuka, na injini inakufa njiani na maiti ndani ya basi, samahani kwa kusema hivyo. Kuna baya zaidi: oili ikizidi sana, injini inaweza kuanza kuivuta kupitia njia ya hewa na kuichoma kama mafuta yake, ikapandisha resi yenyewe. Hapo ukizima kwa ufunguo haizimiki. Tulimwaga oili yote na kubadilisha filta kabla ya kuwasha, na ile chafu sikuiruhusu itumike hata kwa kupaka minyororo.

Wamarekani wana injini zao za Detroit Diesel, namba 71, zilizoanza 1938 na kuendesha mabasi yao kwa miongo mingi. Kwenye injini hizo vijibomba vya dizeli vya nozeli viko ndani, chini ya kava ya valvu. Kikilegea kimoja, dizeli yote inaingia kwenye oili, nje pakavu kabisa. Fundi wa injini hizo hupima oili kwanza ndipo anapotafuta mvujo. Nimeiba tabia yao.

Na dereva wako, mama, mwambie hivi. Ni kweli ukitupa njiti ya kiberiti kwenye ndoo ya dizeli ya baridi mara nyingi inazimika. Dizeli inahitaji joto la nyuzi 50 na zaidi kabla mvuke wake haujashika moto. Lakini dizeli inayorushwa kama marashi juu ya manifoldi, bomba la kwanza la moshi kwenye injini, haihitaji kiberiti. Inajiwasha yenyewe kwenye nyuzi 200 na kitu, na basi lenye abiria linapopanda mlima Kitonga manifoldi na tabo (turbo) vinapita nyuzi 500. Ufa ule ulikuwa shibri moja kutoka kwenye egzosi. Dereva akisema tena haiwaki, muulize injini inaendeshwa na nini.

Tone moja kila sekunde, kwa hesabu ya matone 20 kwa mililita, ni mililita 180 kwa saa. Safari ya saa kumi ni karibu lita mbili. Zidisha mwenyewe kwa bei ya kituo chako, halafu ujumlishe washa.

Kaka fundi, naendesha Coaster, injini ya 1HZ, ruti ya Gongo la Mboto. Asubuhi inapiga stata hadi betri inachoka, ikishawaka inakohoa dakika moja halafu inakuwa fresh siku nzima. Haivuji popote, nimekagua na tochi. Nozeli zimeshapimwa. Tajiri anasema ni uzembe wangu.

Mdogo wangu, inavuja. Ila inavuja kwenda ndani.

Kutoka kwenye tanki hadi kwenye pampu, dizeli haisukumwi, inavutwa. Tundu likiwa upande huo, injini ikiwaka linavuta hewa. Ukiizima usiku, hewa inaingia polepole na dizeli inarudi zake kwenye tanki. Asubuhi unapiga stata pampu inakunywa upepo. Ndiyo maana tochi haikukuonyesha kitu.

Kwenye 1HZ mtuhumiwa wa kwanza ni ile pampu ya mkono juu ya filta. Mpira wake unakauka na kupasuka. Wa pili ni vipande vifupi vya mpira vinavyounga bomba la chuma chini ya gari, pale klampu zilipofungwa kwa waya. Usibahatishe. Nunua nusu mita ya mpira unaoona ndani, uuweke kati ya filta na pampu, washa, angalia. Mapovu yakipita umepata jibu la kwanza. Jioni ya siku hiyo ning'iniza kidumu cha lita tano juu ya usawa wa pampu, kifunge vizuri mbali na egzosi, unganisha moja kwa moja kwenye filta, uache hivyo hadi asubuhi. Ikiwaka kwa kugusa na filta iko kavu kwa nje, ubaya uko kati ya filta na tanki. Isipowaka, au filta ikilowa dizeli kwa nje, uko kwenye filta yenyewe au mbele yake. Tajiri mwonyeshe mapovu kabla hujamwonyesha risiti, inasaidia.

Mambo fundi. Mimi utingo wa Fuso. Tanki lilitoboka kwa jiwe karibu na Chalinze, tukaziba kwa sabuni ya mche, tumefika hadi Mbagala salama na bado imeshika. Suka, dereva wetu, anasema tuiache tu. Sawa?

Poa. Mliosugua sabuni mlifanya vizuri, sabuni haiyeyuki kwenye dizeli, ndiyo maana wazee waliitegemea. Inayeyuka kwenye maji. Subirini mvua ya kwanza ya masika.

Mkienda kuchomelea, dizeli mkiimwaga tanki halijawa salama. Tanki tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, kisha lijazwe maji hadi karibu na tundu wakati wa kuchomelea, vifuniko vyote vikiwa wazi. Mchomeleaji akikwambia amezoea, tafuta mwingine.

Shikamoo mwalimu. Nasoma umekanika Chang'ombe. Tukitafuta mvujo kwenye bomba za nozeli tumekatazwa kupapasa kwa mkono, tunatumia kipande cha boksi. Lakini gereji nilikokwenda kujifunza kazi mafundi wote wanapapasa, wananicheka. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Boksi.

Tairi la basi lina presha ya bar 8 hivi, na umeona linavyopiga likipasuka. Nozeli ya injini za zamani inafunguka kwenye bar 200 na ushee. Dizeli inayotoka kwenye ufa kwa presha hiyo inaingia kwenye nyama kama sindano, na huioni, kwa sababu ni ukungu.

Nilikuwa na mwenzangu, tulifanya kazi benchi moja. Alipapasa bomba la Fuso, akasema "aah," akatazama kidole: alama moja nyekundu, ndogo kuliko ya mbu. Hakikuuma. Aliendelea na kazi hadi jioni, akapitia duka la dawa, akapewa vidonge vya maumivu. Usiku kidole kikavimba, asubuhi kiganja, ngozi ikawa ya kijivu. Alipofika hospitali ilibidi wapasue kutoka kidole hadi karibu na kifundo ili wasafishe dizeli iliyokuwa imetambaa ndani kufuata mishipa. Kidole kilibaki na pingili moja. Jeraha la namna hiyo unakwenda hospitali saa ile ile, hata kama haliumi, na ukifika unawaambia kwa maneno haya haya: nimedungwa na dizeli ya presha. Ukisema umejichoma utawekwa foleni.

Bado yuko kwenye mambo ya magari, ila siku hizi anauza spea. Akikuhesabia washa anazihesabu kwa mkono wa kushoto.